Swali la Pili na Koti la Mzee Arthur

Thornton Heath, Jumamosi alasiri

Mwanangu Salma,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, na mama yako yuko zamu hospitali mpaka saa mbili usiku. Nyumba nimeachiwa mimi na begi lako, limesimama hapa ukumbini limenuna kama mtu aliyenyimwa chakula. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeinuka kwenda kuchemsha chai nisiyoinywa.

Habari za soksi, dawa ya kikohozi na namna ya kupika wali usiungue, mama yako ameshakuandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na kaibandika kwenye mfuniko wa sufuria yako mpya. Huko mimi sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia habari ya Jumatano, dukani.

Najua utanisoma polepole. Kiswahili unakisikia chote, ukijibu unajibu kwa Kiingereza, na kukisoma bado unakisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, kama ulipokuwa mdogo. Ningeweza kukuandikia kwa Kiingereza ukamaliza kwa dakika tano. Lakini jambo hili nilishalisema kwa Kiingereza mara moja, mbele ya jaji, na nilisema uongo.

Sasa nimeshaliandika. Kaa kitako uendelee.

Jumatano tulikwenda High Street kununua hilo begi. Wewe ulikuwa unajaribu zipu, unaifungua na kuifunga, na mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kazi chini ya koti akasimama pembeni yetu. Mimi nilimjua kabla hajageuka, kwa mabega tu. Akakwambia, "Salma? Wewe ndiye umekuwa mkubwa hivi? Mimi ni auntie Mercy. Nilikuwa nafanya kazi na babako."

Ulimwangalia juu mpaka chini. "I know who you are," ukamwambia. "You're the one who lied about my dad."

Duka zima lilisikia ukimwita mwongo. Mercy alinitazama mimi, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha kabisa kwa mtu mzima kufungua mdomo wake. Mimi nikainama, nikajitia kukagua magurudumu ya begi. Ndipo akakwambia, "Safari njema, mwanangu. Usome sana," akatoka bila kununua alichokuja kununua.

Njiani ulinishika mkono ukasema, "Someone had to say it, Baba." Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa umenipigania. Tangu hapo sahani yangu nairudisha jikoni imejaa, na wewe ukadhani nahuzunika kwa sababu unaondoka.

Hadithi unayoijua ni ile tuliyokulea nayo. Baba yako alifanya kazi nyumba ya wazee. Mzee Arthur, mwalimu mstaafu wa jiografia, akafariki asubuhi moja ya baridi, na baba yako akamwosha. Kwetu Unguja muosha hupata nguo za marehemu, basi baba yako, kwa ushamba wake, akachukua koti la mzee. Mfanyakazi mwenzake, Mercy, akamchongea. Wakamshtaki kwa wizi. Lakini sheria ya Waingereza ilikuwa na swali zuri, swali la pili, nalo likamwokoa. Hadithi hii umeiandika kwenye fomu yako ya kuombea chuo. Ulinisomea kwa sauti hapa hapa mezani: kwamba unataka kusoma sheria kwa sababu swali moja la haki lilimrudisha baba yako nyumbani. Nilikwambia imekaa vizuri. Nilikusahihishia hata jina la mtaa.

Kilichotokea ni hiki.

Ni kweli tulimwosha, mimi na Mercy, saa nne asubuhi. Mercy alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwao Taita, kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa namshika mzee kichwa. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa akiniuliza majina ya visiwa vyetu na kuyaandika pembezoni mwa gazeti. Tulipomaliza kumvika, Mercy akaenda ofisini kumpigia simu binti wa mzee. Mimi nikabaki na kabati. Koti lilikuwa ndani, la sufu, rangi ya kahawia, vifungo vya pembe. Jaketi langu mimi zipu ilikuwa imekufa tangu msimu wa baridi uliopita. Nililitia koti kwenye mfuko mweusi wa taka, nikashuka kwa ngazi za dobi, zile za nyuma.

Mercy alikuwa mlangoni, karibu na mapipa. Alikuwa ametoka kuvuta hewa.

"Umebeba nini, kaka Khamis?"

"Taka tu, dada," nikamjibu.

Akanishikia mlango nipite.

Salma, kesi yangu nzima ni neno hilo moja. Ningekuwa naamini kwamba koti ni haki yangu, ningemwambia ni koti. Nilisema taka kwa sababu nilijua. Nilijua Waingereza wangeuitaje ule mfuko, nilijua Mercy angeuitaje, na nilijua mimi mwenyewe nauitaje.

Siku ya pili binti wa marehemu alikuja akauliza koti la baba yake. Tukaulizwa wote. Nikanyamaza. Mercy alinifuata chumba cha chai, akafunga mlango. "Kaka, lirudishe," akaniambia. "Sema ulikuwa na huzuni, ukalichukua bila kufikiri. Yule mama ni mtu mwema. Ungeomba tu, angekupa." Nikamtolea macho. "Koti gani?" nikasema. Siku tatu alininyamazia. Hakwenda kwa mtu. Hata meneja alipomwita akamuuliza ana kwa ana, ndipo akajibu alichokiona. Huko ndiko kuchongea kwake.

Polisi walilikuta ndani ya kabati la mama yako. Wewe ulikuwa umekaa ngazini na gauni lako la shule, unauliza kwa nini wanachukua nguo ya Baba. Na mimi nilikuwa na hofu, sitaki kukuficha. Karatasi zangu za kuomba uraia zilikuwa bado ziko serikalini. Mtu mwenye hukumu ya wizi hapati tena kazi ya kuangalia wazee, na pengine hapati nchi. Nilikuona pale ngazini nikajiambia kwamba nitasema lolote.

Ilikuwa kituo cha polisi ndipo nilipoikumbuka mila. Kabla ya hapo haikunijia hata mara moja. Sikuikumbuka mbele ya kabati wala kwenye ngazi za dobi. Ilinijia mbele ya kinasa sauti, na ikaja kamili, imevaa vizuri.

Mila yenyewe unaijua nusu, kwa sababu nilikupa nusu. Bibi yako, mama yangu, alikuwa muosha pale Ng'ambo, mjini Unguja. Wakimwita usiku au mchana alikwenda. Akimaliza kazi alitoka nje akakaa kibarazani, mikono imelowa, akangoja. Wafiwa wakikumbuka walimwita ndani wakampa kanga za marehemu, au gauni, au kitambaa cha kichwa. Safari moja walisahau. Nilikuwa nimemfuata, mtoto wa miaka minane, na baridi ya asubuhi ilikuwa inaniuma. Nikamwambia, "Mama, kanga zile pale kwenye kamba, si zako?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu. Tukarudi nyumbani mikono mitupu na hakulitaja tena. Muosha hupewa, Salma. Hajichukulii.

Na uani kwetu kulikuwa na kiti. Nilizaliwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nikakikuta hapo hapo, kwenye mvua na jua, kiti cha kuchongwa cha watu wakubwa. Mjomba wangu alikileta kutoka nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia. Wengi walileta vitu siku zile, na kila mmoja alikuwa na sababu yake, na nyingine zilikuwa sababu nzito. Mama yangu alimuuliza neno moja tu mlangoni: "Nani kakupa?" Mjomba akaanza kueleza historia ndefu ya waliodhulumiwa na waliodhulumu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza tena, "Nani kakupa?" Kiti hakikuvuka kizingiti. Kilioza uani mpaka ikabaki miguu miwili, na hakuna aliyekikalia.

Mimi nililelewa kwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo usinitetee kwamba sikujua.

Wakili wangu alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Alinieleza huku akigonga kidole mezani. "Juri, wale raia kumi na wawili, watajiuliza maswali mawili, Mr Khamis. La kwanza: kwa kipimo cha watu wa kawaida, waungwana, ulichofanya ni kukosa uaminifu? Hilo tutalipoteza. La pili: wewe mwenyewe ulijua kwamba watu hao wangekiona hivyo? Kama juri hawana uhakika kwamba ulijua, unakwenda nyumbani." Akapenga kamasi. "Sasa, ulikuwa unaamini nini?"

Kijana wa watu aliniuliza kwa haki kabisa. Hakunifundisha uongo. Mimi ndiye niliyeona kwamba swali la pili linaishi kichwani mwangu, na kichwani mwangu hakuna mwenye ufunguo ila mimi.

Akataka shahidi wa kuithibitisha mila. Nikaenda kwa Mwalimu Haji, yule aliyekuwa akikusomesha Kurani Jumapili. Akanisikiliza, akavua miwani.

"Nitakuja," akasema. "Wakiniuliza kama muosha hupata nguo, nitasema hupata. Wakiniuliza hupewa au hujichukulia, nitasema hupewa."

"Hilo hawatauliza, Mwalimu."

"Basi nitalisema bila kuulizwa."

Nikamwambia wakili kwamba Mwalimu anaumwa.

Mahakamani nilikula kiapo kwa Msahafu. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo linanitisha mpaka leo. Mwendesha mashtaka akaniuliza kwa nini nilipita mlango wa nyuma. Nikasema kwetu ni utovu wa adabu kupitisha nguo za marehemu mbele ya wafiwa. Kwa nini mfuko wa taka? Nikasema ndio uliokuwa karibu. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu, kwamba kwetu muosha huchukua nguo za marehemu, ni haki yake, haombi.

"Ulimwambia Bi Mercy kwamba ni taka?"

Mercy alikuwa ameshatoa ushahidi wake, amekaa nyuma, mkoba juu ya magoti. Nilimwona.

"Hapana," nikasema. "Nilimwambia ni koti la marehemu. Yeye alikitaka cheo ambacho mimi nilikuwa karibu kupewa."

Cheo hakikuwepo. Nilikitunga pale pale, nimesimama.

Binti wa mzee naye aliitwa. Alisema maneno machache: kwamba nilimtunza baba yake vizuri, na kwamba kama ningemwomba lile koti angenipa. Watu wa juri walinitazama kwa huruma, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu aliyeonewa. Jaji akawasomea yale maswali mawili. Wakatoka, wakala chakula cha mchana, wakarudi. Wakasema sina hatia.

Tulipika pilau. Nyumba ilijaa Wazanzibari na Wakenya mpaka wengine wakala ngazini. Hakuna aliyemgombeza Mercy usoni. Wanawake waliacha kumwalika harusini, kazini wakaacha kuongea Kiswahili akiingia chumbani, na mwisho akaacha kazi, akahamia Thamesmead. Mimi niliyasikia yote hayo na nikasema, "Mungu amsamehe." Nilisema hivyo, Salma. Mimi, nimwombee msamaha yeye aliyenishikia mlango!

Mwezi mmoja baadaye binti wa mzee alimwachia wakili wangu kifurushi. Ndani koti, na kadi yenye neno la shukrani. Sasa nilikuwa nimepewa kweli. Nimelivaa miaka kumi na miwili, misimu yote ya baridi, na wewe unaliita koti la ushindi. Umewahi kugundua kwamba mama yako anafua kila kitu katika nyumba hii, ila koti hilo hajaligusa? Hajaniuliza kitu. Hupita pembeni yake kama anavyopita pembeni ya rangi mbichi.

Mwaka jana ulirudi shule umekasirika. Ulitupa mkoba kwenye kochi. "They got rid of it, Baba! The second question!" Ukanieleza, na ulieleza vizuri kuliko wakili wangu: kwamba majaji wakubwa wameliondoa swali la pili, kwa sababu lilimfaidisha zaidi mtu kadiri kipimo chake mwenyewe kilivyokuwa kibovu. Siku hizi juri hutazama kwanza mshtakiwa kwa kweli alikuwa anajua nini na anaamini nini kuhusu mambo yalivyokuwa. Wakishalijua hilo, kipimo ni cha watu wa kawaida, waungwana, na hakuna haja ya yeye mwenyewe kukikubali. Ulisema, "People like you need that question." Ulikuwa na machozi. Mimi nikasema ndiyo, nikanywa maji.

Lile swali lenyewe silitukani. Pengine lilimwokoa mtu mahali fulani ambaye kweli hakujua, mgeni kama tulivyokuwa sisi, na utakapolisoma usilifanyie haraka. Lakini kwangu mimi lilijibiwa kwa uongo. Nimejifunza kwamba uongo mtupu ni mzito kuubeba. Unaotembea mbali ni ule wenye nusu ya kweli ndani yake. Mila ilikuwa ya kweli. Nilimtoa mama yangu kaburini nikamsimamisha kizimbani anitetee, na nikamtia mdomoni neno ambalo angenipiga kofi kwalo. Kati ya yote niliyofanya, hilo na la Mercy ndiyo yanayoniuma zaidi, na sijui lipi linatangulia.

Utakutana na watu kama mimi, wamekaa mbele yako na sura njema na watoto nyumbani. Sikwambii uwachukie. Nilikuwa na hofu ya kweli. Ila hofu ilikuwa yangu, na aliyeilipia ni mtu mwingine.

Jana sikwenda kazini kama nilivyowaaga. Nilikwenda Thamesmead. Nilipanda ngazi ghorofa tatu, nikagonga. Mercy akafungua mlango, mnyororo haukutoka.

"Dada Mercy, nimekuja kukwambia kwamba siku ile nilisema..."

"Usiniambie mimi, kaka Khamis," akanikata. "Mimi nilikuwepo. Mwambie mtoto."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Nilisimama pale mpaka jirani akatoka kuniuliza kama nimepotea.

Basi nimekwambia. Kusema uongo baada ya kiapo ni kosa, utalisoma, na sidhani kama linachacha kwa kupita miaka. Barua hii ina mkono wangu na jina langu. Ni yako, fanya nayo utakavyoona, na ukiamua kuipeleka mahali sitakuuliza. Kama utataka kuandika upya yale uliyoyaandika kwenye fomu, andika. Kama hutaki kuniona kituoni kesho, mama yako atakusindikiza. Ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa zaidi ya siku ile ya juri, kwa sababu wale kumi na wawili hawakuwa wakinijua.

Juzi uliniuliza kama unaweza kuchukua koti, kwa ajili ya baridi ya Newcastle. Sijalitia begini. Limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na ukishamaliza kusoma hapa, ukilitaka bado, ni lako. Nakupa.

Treni yako ni saa nane mchana. Jirani yake aliniambia kwamba kesho Mercy anatoka kazini alfajiri, na saa tatu asubuhi atakuwa nyumbani. Mimi nitakwenda, atafungua asifungue. Neno langu lile la mahakamani nitalirudisha mbele ya mlango wake, kwa sauti, majirani wasikie.

Maisha yangu nimechukua vitu vingi bila kuomba. Hiki naomba. Twende wote.

Baba yako,
Khamis